Shangazi yangu aliitwa mwizi wa ngamia wake mwenyewe, na app ni mimi niliitengeneza

Wakuu, asalaam aleikum. Hili jambo limenikaa kooni wiki mbili, leo nalitema. Sitaongeza chumvi, aibu iliyopo yatosha.

Mimi ni web developer hapa Garissa. Nimezaliwa hapa ila nimekulia Nairobi, nikarudi na laptop na maringo.

Chama cha wafugaji wa ngamia kikaniita. Wizi umezidi, kwa hivyo walitaka kila ngamia aandikwe na jina la mwenyewe, na mnunuzi aangalie simu kabla ya kununua.

Nikawatengenezea website safi kabisa. Mwenyekiti akaitazama, akasema, "Hii si app. Sisi tunataka app."

Basi nikachukua website ile ile, nikaifunga ndani ya APK, lile faili la kuweka app kwa simu, nikabandika icon ya ngamia. Mwenyekiti akasema mashallah. Developers wenzangu mnajua ninachosema. Nyinyi wengine, poleni, nusu ya app kwa simu zenu ni hivyo hivyo.

Ilisambaa kwa WhatsApp na Bluetooth, maana nani ana bundles za kuchezea? Nikaona hatari iko hapo, mtu anaweza kuichezea njiani. Nikaweka signature, nikaficha code, nikaweka encryption mpaka nikajiogopa. Kwenye mkutano nikatangaza, "Hii haiingiliki." Mdomo huu!

Lakini wazee wanasahau password kila siku. Nikaweka swali la kuwatambua: jina la babu wa babu yako ni nani?

Chekeni tu.

Nairobi hiyo ni siri nzito. Huku kwetu mtoto hajui kuhesabu hadi mia, lakini mababu kumi na tano anakutajia bila kuvuta pumzi. Nilikuwa nimefunga mlango na kugawia ukoo mzima funguo.

Msiba ukamwangukia Eeddo Dahabo, dada ya baba yangu. Magoti yamemchosha, hawezi tena kufuata mifugo. Alileta sokoni ngamia wake wa mwisho, jike mwenye ndama. Mnunuzi kutoka Balambala akampenda, akafungua app.

Mwenye ngamia: Bashir.

Bashir ni binamu yangu, mtoto wa kaka mwingine wa Eeddo. Mnunuzi akarudi nyuma. "Mama, simu inasema huyu si wako." Watu wakajaa. Mmoja akataja polisi.

Eeddo akaniona pembeni. "Abdi, mimi mwisi?"

Na mimi, wakuu, nilimjibu nini? "Eeddo, ngoja kwanza. System haikosei."

Wallahi nilisema hivyo, mbele za watu, kwa shangazi aliyenibeba mgongoni.

Mchungaji mmoja mzee hakuniangalia hata. Akaagiza Bashir aitwe, na bakuli liletwe. Akasema wote wawili wamkamue, tuone ngamia anamjua nani.

Bashir akaja akinukia perfume. Akainama. Teke alilopigwa, bakuli hatujalipata hadi leo.

Eeddo akamleta ndama, akanong'ona kidogo, maziwa yakatiririka. Kesi ikaisha hapo.

Bashir akakiri. Anaposa, wakwe walitaka kuona mifugo yake, na yeye hana hata mbuzi. Akaingia kwa account ya Eeddo. Babu wa swali ni wa ukoo wake pia, ni kupanda ngazi moja tu juu ya babu wa babu yake. Akahamisha ngamia, akawaonyesha wakwe screen. Alipanga kurudisha, furaha ikamsahaulisha.

Mnunuzi akaomba radhi, akanunua. Eeddo akampa maziwa, akampa mchungaji, akampa hata Bashir. Mimi akanipita.

Nikamfuata nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Hebu taja mababu zako." Nikataja baba, babu, na baba yake. Nikakwama.

Akasema, "Bas, wewe uko salama. Kwa account yako hakuna mtu ataingia. Hata wewe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi lolote.

Swali nimeling'oa. Nilichojifunza ni kwamba siri ya mji mmoja ni wimbo wa watoto mji mwingine, kwa hivyo uliza watu kabla ya kuandika code. Na siku system na shangazi yako wakitofautiana sokoni, simama na shangazi. Code utairekebisha jioni.

Haya, uwanja ni wenu, nitukaneni, nimestahili. Ila tafadhali, msinitajie mababu zenu hapa chini. Bashir naye ni member.