Shule Tatu Nilizomtafutia Binti Yangu

Binti yangu alipofikisha miaka saba, ilikuwa imepita miaka miwili tangu mama yake afariki. Mwaka uleule wa msiba, homa ya uti wa mgongo ilimpata mtoto, na alipopona tukagundua hasikii tena. Tukabaki wawili katika nyumba yetu ya Ilagala. Mimi nashona nguo, yeye anakaa sakafuni akipanga mabaki ya vitambaa.

Tulikuwa na ishara zetu. Mkono tumboni ni njaa. Vidole viwili vikitembea hewani ni kwenda ziwani kuoga. Kiganja shavuni ni mama. Siku nzima iliweza kupita sijatoa sauti, asipokuja mteja.

Ulipofika wakati wa kumwandikisha darasa la kwanza, nilianza na shule ya kijijini. Ilikuwa karibu nasi, kengele yao ndiyo niliyofungulia kazi asubuhi. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaniambia nimlete tu, watamkalisha mbele, atazoea. Nikaomba nichungulie darasa. Watoto walibanana wanne wanne kwenye dawati, wengine wamekaa chini. Mwalimu alikuwa amewapa mgongo, anaandika ubaoni huku akisoma kwa sauti, nao wanaitikia. Nikamwona akilini binti yangu mle ndani, anaangalia mgongo wa mtu. Nikashukuru, nikaondoka.

Dada yangu mkubwa anaishi Ujiji. Alipopata habari aliniita, akisema shule ya mtaani kwake haina mfano: ina uzio, ina maji ya bomba, matokeo yake ya darasa la saba yanabandikwa ukutani watu wakayasome. Mtoto angekaa kwake, na mimi ningekuwa nakuja kila nikipata nafasi. Tukapanda boti asubuhi mimi na mtoto, tukateremka Ujiji kabla ya jua kuwa kali.

Kweli shule ilikuwa nzuri. Kila mtoto alikuwa na nafasi ya kukaa, na madirisha yote yalikuwa na vioo. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo, alimtazama binti yangu kwa muda, akapiga makofi nyuma yake, halafu akaniketisha pembeni.

“Baba, nisikudanganye,” alisema. “Hapa atakuja na kurudi, atakuja na kurudi, mpaka amalize la saba. Hatajifunza kitu.”

Ndiye aliyenielekeza shule nyingine ya serikali, huko Kigoma mjini, yenye kitengo cha watoto viziwi na bweni lake. Dada yangu hakulipenda neno bweni. Alisema mtoto aliyekosa mama haongezewi kukosa na baba. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Kesho yake tukaenda. Kwa kuitazama, ile shule ya mjini ilikuwa ya mwisho kati ya zote tatu. Rangi ilikuwa imebambuka, pampu ya kisima imekufa, na bwenini magodoro yalikuwa yamebonyea katikati. Nikaanza kutafuta maneno ya kuagia. Hapo watoto wakatoka nje kwa mapumziko. Uwanja ulijaa mikono. Walikuwa wanabishana, wanataniana, mmoja anasimulia jambo na wenzake wanaanguka kwa kicheko. Binti yangu aliniachia mkono.

Msichana mmoja mkubwa kidogo alimfuata, akamwuliza kitu kwa vidole. Binti yangu akanigeukia nimweleze. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa sielewi.

“Anamwuliza jina lake,” mwalimu wa kitengo aliniambia. “Hapa kila mtu ana jina la mkono. Wewe nyumbani unamwitaje?”

Nilimwambia ukweli, kwamba huwa namgusa bega. Yule msichana alimwangalia usoni, akaona kishimo alichonacho kidevuni, akakigusa kwa kidole, kisha akarudia ishara ileile kwenye kidevu chake mwenyewe. Watoto waliokuwa karibu wakaiga. Binti yangu akacheka.

Mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, nilimpeleka na sanduku la bati, ndoo na godoro jipya. Hakulia. Nilirudi Ilagala peke yangu, na wiki ile nikagundua naongea na wateja kupita kiasi. Mama mmoja aliyeleta sketi ya kupunguza alisimama mlangoni muda mrefu akitafuta namna ya kuaga.

Likizo ya kwanza alirudi na mikono yenye kasi. Alinisimulia mambo mengi nisiyoyajua, akapunguza mwendo kama mwalimu wa chekechea, akarudia, kisha akaona simfuati, akaacha. Jioni, tukila ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, niliweka kiganja shavuni nikimwonyesha pale mama yake alipopenda kukaa. Alinishika mkono, akaushusha taratibu, akanionyesha ishara ya mama kama walivyomfundisha shuleni. Nikaifuata. Hakukosea. Ila ile yetu tulikuwa tunaijua watu wawili tu duniani, na mmoja alikuwa ameiacha.

Miaka iliyofuata nilijifunza kidogo kidogo, kila likizo maneno machache. Mengine yalinitoka kabla hajarudi tena. Dada yangu huniuliza mpaka leo kama sijutii kuiacha ile shule ya Ujiji. Huwa namwambia sijutii, na ni kweli, ingawa namjibu haraka mno.

Sasa binti yangu yuko sekondari, mkoa mwingine, na tunaandikiana kwa simu. Anaandika vizuri kuliko mimi. Mwezi wa sita aliniuliza kama naweza kumruhusu akamalizie likizo kwao rafiki yake, maana huko nyumba nzima wanaongea kwa ishara. Nilisoma ule ujumbe mara mbili. Nikamwandikia aende, asalimie wazazi, na asisahau kuvaa sweta. Akajibu asante baba, upesi sana, nami nikakaa na simu mkononi nikifikiria la kuongeza, nisilipate.