Stendi ya Keekee ya Mzee Dastagir

Mimi nauza nyuzi za sitari, ala ile ya muziki yenye shingo ndefu, hapa Miraj, India, na duka langu linatazamana na karakana ya Mzee Dastagir Shikalgar, fundi wa sitari, kwa hiyo asiniambie mtu eti nimehadithiwa. Niliona kwa macho yangu haya. Na mpaka leo bado najiuliza: mikono inawezaje kumtetemeka mtu akisimama, halafu kazi ikatulia akikaa?

Baada ya Idi mikono ya mzee ilianza kucheza. Kukwangua mti aliweza, kupaka rangi aliweza. Ila kutoboa kwa keekee ya mkono matundu ya vigingi vya kukazia nyuzi, ndipo palipomshinda. Tundu likienda upande, kigingi hakishiki, na uzi ukishakazwa unalegea wenyewe. Sitari mbili zikarudishwa. Mfanyabiashara wa mji wa Pune anayezinunua akasema waziwazi: ikirudi ya tatu, shingo za sitari zitatobolewa na Rafik, mpwa wa mzee, na mzee atabaki na brashi ya rangi.

"Brashi!" mzee aliniambia, macho yamemwiva. "Shemeji, si bora wanizike?"

Ananiita shemeji kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa kama ndugu yake, na utani wetu hauna breki. Lakini siku ile utani niliuweka kando. Niliumia.

Tahera, mke wa mwanawe, ndiye aliyeleta wazo la keekee ya umeme, ile ya mezani, unavuta mpini na chuma kinashuka wima chenyewe. Aliipata iliyotumika kule Sangli, mji wa jirani, nzito ajabu, ikahitaji stendi. Tahera amezaliwa kwenye nyumba ya mafundi milango, msumeno anaujua tangu utotoni. Akachonga miguu minene, akaweka mabawa pembeni ili shingo ndefu ya sitari isining'inie, na chini akajaza droo: za vyuma vya keekee, vinene na vyembamba, ya nta, ya vigingi. Droo zenyewe ziliingia na kutoka bila kukwaruza. Nilizivutavuta mpaka akanifukuza.

"Dada Shanta, utazing'oa!"

Stendi ilimfika mzee kitovuni, kama mashine za kiwandani. Mtaa mzima ukaja kutazama. Mzee akavaa kofia safi, akasimama, akashika kipande cha mti kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine. Loo! Mkono ukacheza, bega likacheza, mti nao ukacheza. Tundu likatoka limerefuka kama yai. Na jiliwa, kile chuma cha kubania mti, haifai kwa kazi ile, maana shingo ya sitari ina uwazi ndani, ukiibana inapasuka.

"Mjomba," Rafik akauliza, "mwenye homa ni mashine au ni wewe?"

Watu wakacheka. Nusura nimtupie ndala. Mzee akatoka bila kumtazama mtu.

Tahera akaja kukaa dukani kwangu, anamenya karanga, amemkazia macho baba mkwe wake ng'ambo ya pili. Mzee alisharudi kwenye mkeka wake, maana wanaume wa mtaa wetu kazi yao ni ya kukaa sakafuni tangu enzi za babu zao. Shingo ya sitari ameibana kwa nyayo, anaikwangua.

"Dada, mbona sasa hatetemeki?"

"Si anakwangua tu."

"Hapana. Hebu tazama vidole vya miguu."

Nikatazama. Kweli bwana, vile vidole vilikuwa kazini! Vinabana, vinalegeza, vinaugeuza mti, mikono inafuata tu. Miaka yote hiyo namwona, kumbe sijawahi kumtazama.

Kesho yake Tahera akaanza kuikata miguu ya stendi.

"Una wazimu? Mashine sakafuni kama jiko la mkaa?" nikamuuliza.

Hakuacha msumeno. Shida ilikuwa droo, zilikaa mahali pa kupitishia miguu ya mzee akikaa. Akazing'oa zote, akazipanga kushoto na kulia, akaacha uwazi katikati. Nyuma ya meza ya stendi akapigilia ubao wenye gozi, ili nyayo ziisukumie shingo pale.

Mzee akagoma. "Wamenicheka nimesimama, sasa wanicheke nimekaa?"

Nikamtolea uvivu. "Kaa chini, mzee, la sivyo brashi nakuletea mimi mwenyewe!"

Akakaa. Nyayo zikapita kati ya droo, zikaishika shingo ya sitari ya tatu. Mkono ulitetemeka alipougusa mpini, lakini mti haukutikisika. Tundu likatoka duara. Akatoboa lingine, na lingine. Hata Rafik aliinama kutazama.

Shingo ilipokwisha kuungwa na buyu lake, lile tumbo la sitari, yule wa Pune akaja. Akazikaza nyuzi, akazipiga, tukaenda kula mkate wa mtama na dengu. Tuliporudi akazipiga tena. Sauti ileile. Akaifunga sitari kwenye nguo, akaagiza nyingine. Mzee akajifunika uso kwa kofia, akalia, nami nikalia, nifiche nini?

Rafik akasogea mashineni. "Mjomba, nijaribu na mimi?"

"Ngoja wewe." Mzee akajivuta pembeni, akamwita Tahera. Mtaani kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kutoboa shingo ya sitari. Tahera akageuka nyuma, akidhani anaitwa mtu mwingine.

"Wewe, wewe, mwanangu," mzee akasema, akiupigapiga mkeka. "Mikono hii haitanisubiri. Kaa hapa. Vua ndala kwanza, mti haushikwi na ndala."