Majina Niliyoyaonea Haya

Chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu niliyoipata Dadaab miaka ya tisini bado inanipasha moto masikio. Nilikuwa karani kutoka Voi, kazi yangu kuwatafutia wakimbizi wa Kisomali jamaa zao waliopotezana nao vitani, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kompyuta ya kwanza ya ofisi (maringo yangu msiniulize). Fomu zilikuwa na nafasi ya jina la utani, nami kuona mmoja kaandikwa "Dhegweyne", yaani masikio makubwa, mwingine "Langaare", anayechechemea, nikasema haya ni matusi, ofisi ya heshima haiwezi kuyaweka, nikayaruka yote nilipoingiza fomu kwenye kompyuta.

Basi siku moja kompyuta ikanitolea Abdi Mohamed Ali, kambi ya jirani, anamtafuta Halima, na Mama Halima wa kambi yetu alikuwa amemaliza miaka mitatu akimlilia mwanawe, Abdi Mohamed Ali. Umri sikuutazama, ningeutazama saa ngapi na nimeshatoka mbio natangaza kwa kipaza sauti mbele ya foleni ya chakula! Mama Halima akachinja mbuzi, wanawake wakapiga vigelegele, lori likafika, akashuka mzee mwenye ndevu nyekundu za hina.

"Nimeambiwa bibi yangu amebatikana," akasema, macho yakizunguka.

"Walahi, huyu si mtoto yangu," Mama Halima akasema. "Huyu ni rika ya baba yangu!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze, hasa nilipomwona mama amejifunika uso kwa ushungi, analia.

"Karani," akaniambia, "Abdi Mohamed Ali iko mia hapa. Sisi tunaita yeye Dhegweyne. Mimi nilisema, wewe ulitoa kwa nini?"

Mzee alikaribishwa nyama (mbuzi keshachinjwa, wafanyeje?), nami nikarudi kwenye fomu, siku nne naingiza yale "matusi" moja moja. Siku ya tano Dhegweyne akatokea kwenye kioo cha kompyuta, anauza chai kambi ya tatu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwa mamake. Hata mke wa mzee tulimpata baadaye, nikafurahi mpaka nikanunua soda ofisi nzima.

Lakini siku zote tangu nilipoyaruka yale majina, Mama Halima alimkosa mwanawe kwa sababu ya adabu zangu. Tangu hapo mtu akiniambia anaitwa nani, naandika kama alivyosema, haya naona baadaye.