Mizinga mitatu ya Mzee Mafabi: yaliyonikuta nikifanya field kwa wakili wa serikali, Mbale

Wakuu, kwema? Mvua imenifungia ndani, basi ngoja nilimwage hili. Sijaongeza chumvi, lilikuja na chumvi yake.

Miaka ile vita vilikuwa vimeisha juzi tu. Jeshi la zamani limekimbia, jipya limeingia. Mimi mwanafunzi wa sheria kutoka Wanyange, pale Jinja, nikapangiwa field Mbale kwenye ofisi ya wakili wa serikali.

Ofisi ilikuwa na meza, taipureta isiyo na herufi E, na bosi. Bosi alijisifu kwamba hajawahi kushindwa kesi. Ni kweli, nyingi hazikufika mahakamani.

Sasa mnijue kidogo. Sisi ni Wanubi. Babu alikuja Uganda na jeshi kutoka Sudan, na baba alivaa gwanda la hao waliokimbia. Nyumbani Kiswahili ni chetu kabisa. Lakini wakati ule Kiswahili kilihesabiwa lugha ya askari, na kuongea Kiswahili safi Mbale ilikuwa sawa na kutembea na gwanda la baba mwilini.

Ofisini nikasema najua Kiingereza na Luganda tu. Jina nikaacha Musa peke yake, maana Musa anapita msikitini na kanisani.

Likaja faili la Mzee Mafabi, mkulima wa huko mlimani Elgon. Wanajeshi walikuwa wanasaka silaha zilizoachwa. Koplo mmoja, mtu wa kaskazini aliyejifunzia Kiswahili kambini, akamuuliza, "Wewe iko na mizinga?"

Mzee akajibu kwa fahari, "Ndiyo afande, iko tatu. Moja kali sana."

Pingu hapo hapo, kabla mtu hajaenda kuiona. Tafsiri ya Kiingereza ikasema: mizinga mitatu ya kivita, mmoja hatari zaidi.

Niliposoma maelezo ya Kiswahili yaliyokuwa ndani ya faili nikacheka, halafu nikayasoma tena. Watu wa kule wanafuga nyuki! Koplo kambini alifundishwa mzinga mmoja tu, ule unaolipua.

Nikamwambia bosi huenda ni mizinga ya nyuki.

"Kwani wewe unajua Kiswahili?"

Nikasema hapana.

"Basi faili limeshasema."

Siku ya mahakama bosi aliomba kesi ihamishiwe kambini. Wakuu, enzi zile mtu akipelekwa kambini, nyumbani walianza kugawana nguo zake.

Hakimu akauliza vielelezo viko wapi. Koplo akasimama wima kama mlingoti.

"Mheshimiwa, ile mizinga hapana iko. Sisi nakula yote."

Karani akatafsiri hivyo hivyo, kwamba jeshi limekula mizinga. Hakimu akavua miwani. Bosi wala hakutetereka, akasema hayo ni mafumbo ya kijeshi, ndiyo maana kesi inafaa iende kambini. Hakimu akashika kalamu.

Niliogopa, sitawadanganya. Lakini nikamwangalia yule mzee, Kiingereza haelewi, anamtabasamia kila mtu. Nikasimama bila ruhusa.

"Mzee, hiyo mizinga yako ni ya nyuki?"

Kikatoka Kiswahili chote, na lafudhi ya nyumbani, ile ile ya askari wa jeshi la zamani. Mahakama nzima ikanigeukia. Tabasamu la mzee likafutika, akanyoosha mikono yote miwili juu.

"Ya nyuki, afande. Hapana piga mimi."

Koplo akaongezea, "Asali tamu sana, mheshimiwa. Lakini ripoti ilikuwa nakwenda juu tayari."

Kesi ikafutwa. Mzee bado mikono juu. Nikamfuata, nikamwambia taratibu, "Shusha mikono mzee, uko huru." Akaipandisha zaidi.

Iliniuma sana. Lugha ambayo mama alinibembelezea, kwake ilikuwa mtutu wa bunduki.

Kwa lugha yao nilijua neno moja tu la salamu, la kutakiana amani. Nikalisema.

"Mulembe."

Mikono ikashuka.

Bosi alinirudisha Jinja kabla field haijaisha, sababu eti nidhamu mbovu. Field nilirudia kwingine, na huko nilijitambulisha kwa majina yangu yote.

Nilichojifunza: kabla hujamsaidia mtu, jua sauti yako inamkumbusha nani.

Haya, nyie lugha yenu imewahi kumnyoosha mtu mikono? Tiririkeni hapo chini. Na wewe koplo, kama umo humu, ile asali ilikuwa ya mzee.