Watano Watano

Harufu ya dawa ya kuchua magoti ina njia yake ya kunishika shati. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Adelphi, Maryland, huku Amerika. Mzee aliyekuwa mbele yangu akafungua kichupa kunusa, na kabla sijakumbuka nilichoendea pale, nikawa nina miaka kumi na mmoja tena. Nimesimama mlangoni mwa chumba changu, natazama mikono ya binamu yangu ikipanda na kushuka kwenye magoti ya nyanya yetu. Chumba kilikuwa changu. Kitanda kilikuwa changu, nilimwachia Cucu kwa hiari. Hata dawa niliichagua mimi, baada ya kusoma maandishi ya chupa saba. Lakini mikono haikuwa yangu.

Cucu ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita nyanya. Alikuwa ametoka Nyeri kuja kukaa nasi miezi sita, akigawa majuma yake kati ya kwetu na kwa Mjomba Kamau, mwanawe, kule Sterling. Mjomba alikuwa na binti mmoja, Shiku, niliyempita umri kwa miezi miwili tu. Shiku ni kifupi cha Wanjiku, na Wanjiku ndilo jina la Cucu mwenyewe. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Basi Shiku akampata Cucu, nami nikapata jina la nyanya wa upande wa pili, Nyambura, aliyekufa kabla sijazaliwa. Cucu hakumwita Shiku kwa jina, alimwita "jina langu". Jina langu amekula? Jina langu amevaa sweta? Mimi nilikuwa Nyambura, basi.

Nitawaambia ukweli kwa sababu sina faida ya kuuficha: nilimwonea Shiku wivu hata akipiga chafya na Cucu akamwombea heri. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakufanya juhudi yoyote. Kikuyu hakujua hata salamu. Kiswahili alikiokota neno hapa neno pale, akajibu kila kitu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Cucu kilikuwa "thank you" na "bye-bye". Wawili hao wangekaa kwenye kochi alasiri nzima wakitazama mashindano ya mapishi kwenye televisheni, bila kuambiana chochote, na Cucu akionekana ameshiba.

Mimi nilikuwa nimejifunza Kiswahili kwa ajili yake. Hakuna aliyenifundisha. Kikuyu kilihitaji mwalimu, na Mama alishinda hospitalini akiwageuza wagonjwa vitandani. Kitabu cha Kikuyu hatukuwa nacho. Cha Kiswahili kilikuwepo, cha darasa la tano, alichokuja nacho Mama kwenye sanduku, pamoja na kamusi isiyo na jalada. "Kiswahili Cucu anakijua," Mama aliniambia, "anakijua sana tu." Hakuniambia alikijulia wapi, nami sikuuliza. Nilikuwa mtoto wa kufuta neno mpaka karatasi itoboke, mtoto wa kutapika asubuhi ya mtihani. Kwa mwaka mzima kabla Cucu hajaja nilishuka kila jioni kwa Mama Zuhura, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mtu wa Tanga, anisahihishe. Mama Zuhura hakuacha kitu kipite.

"Mwanangu, nani kakufundisha 'nime-park'? Sema nimeegesha."

"Lakini Mama husema nime-park."

"Mama yako yupo kazini, hanisikii. Egesha."

Siku Cucu alipoingia nilisimama mbele yake sebuleni nikamtolea hotuba niliyoikariri, kuanzia shikamoo mpaka "makazi yetu haya ni makazi yako". Alinitazama kwa muda mrefu, mkoba bado uko mkononi. Kisha akamgeukia Mama.

"Huyu anaongea Kiswahili kama serikali," alisema.

Watu wote wakacheka. Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu, nikalipigia mstari mara mbili. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu vile.

Zilipobaki wiki tatu Cucu arudi, ilikuwa bado haijaamuliwa atazimalizia wapi. Nilimsikia Mama akimwambia Mjomba kwenye simu, "Wacha achague mwenyewe." Nikaamua nitachaguliwa.

Nafasi ililetwa na kanisa. Kila kiangazi kanisa letu la Wakenya hutoka kwenda mahali pa kuchoma nyama, na mwaka ule wazee wa kanisa walichagua bustani moja ya umma kusini mwa Maryland, mwendo wa saa mbili kwa basi, kando ya maji. Kulikuwa na majiko ya nje na kivuli. Pia kulikuwa na historia kwa ajili ya watoto: pale, enzi za vita vya Waamerika wao kwa wao, palikuwa na kambi. Maelfu ya mateka walifungiwa kwenye mahema, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na maji machafu. Siku za Jumamosi mzee mmoja wa kujitolea huwatembeza wageni kwa miguu akiwaeleza. Mama alikuwa na zamu, hakuja. Mjomba Kamau ndiye aliyekabidhiwa makaa.

Nilijiandaa kama ninayekwenda kutetea shahada. Niliazima vitabu viwili maktabani, nikaandika maneno katika safu mbili: mateka, mlinzi, handaki, kuhesabiwa, kuchuchumaa. Mama Zuhura aliyasoma akavua miwani.

"Mbona maneno makali hivi? Tunakwenda vitani?"

"Nitamtafsiria Cucu."

"Haya. Lakini kutafsiri kuna adabu yake, mwanangu. Si kila kisemwacho hurudiwa."

Hilo sikuliandika.

Kwenye basi Cucu alikaa na jina lake. Mimi nilikaa nyuma yao nikitazama kisogo cha Shiku, shanga za nywele zake zikigongana kila basi liliporuka shimo, na nikamchukia kwa kila mlio.

Mzee wa kututembeza alivaa kofia ya ukili na alikuwa na fimbo ya kuonyeshea. Nyasi zilikuwa zimekatwa asubuhi ile, na harufu yake ilichanganyika na ya maji yaliyotuama na ya mafuta ya jua waliyopakwa watoto. Kusema kweli hapakuwa na mengi ya kuona. Palikuwa na kipande cha ukuta wa mbao kilichojengwa upya, chenye njia juu yake walipopita walinzi, na mfereji mfupi wa kina cha goti uliokuwa mpaka. Mateka aliyeuvuka, mzee alisema, alipigwa risasi.

Niliyamimina yote sikioni mwa Cucu, sentensi kwa sentensi, kwa kauli za kitabu. "Mlinzi yuko juu pale, Cucu. Anakuona. Ukivuka mfereji huu anakupiga risasi." Cucu alihama tu upande, Shiku akawa katikati yetu. Nikazunguka nikarudi sikioni mwake. Akahama tena. Tulizungukana hivyo mara tatu, na mara zote nilidhani anatafuta kivuli.

Kisha tukafika kwenye uwanja wazi, na mzee akatabasamu, akasema hapa ndipo walipohesabiwa asubuhi na jioni, na akatuomba tujaribu. Nakumbuka maneno yake kwa sababu nimeyarudia kichwani miaka mingi. Alisema tujipange safu za watano, tushuke chini kidogo kama tunaokaa, kila mmoja kadiri magoti yake yatakavyoruhusu.

Hapo kwenye magoti ndipo nilipofanya kosa langu, kama ni kosa moja. Kipande kile kilikuwa kirefu. Kiliniharibia mdundo. Na wanawake wazima wa kanisa walikuwa nyuma, wangenisikia, nami nilitaka wanisikie. Nikakiacha. Nikajaza kifua, nikatoa sauti niliyokuwa naifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Pangeni mstari! Watano watano! Chuchumaeni!"

Cucu akaenda chini.

Hakwenda kama mwanamke wa miaka sabini ambaye hushuka kitandani akishika ukuta. Alishuka mara moja, kama gunia lililokatwa kamba, akachuchumaa kwenye nyasi, na mikono yake miwili ikapanda juu ya kitambaa cha kichwa. Mikono hakuna aliyeitaja. Mzee hakuitaja, wala mimi.

Watu wakacheka kwa furaha. "Haiya, Cucu ametushinda wote!" mama mmoja akapiga kelele, akatoa simu apige picha. "Vijana, mnaona Cucu? Nyinyi magoti yenu ni ya mkopo?" Mzee wa kofia akampigia makofi.

Nami nilihisi nini? Ninyi mnaonisoma mngependa niseme nilishtuka. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto. Amenisikia mimi, nilijiambia. Mbele ya watu wote, amenisikia mimi.

Shiku hakucheka. Alipiga magoti kando yake kwenye nyasi, akaushusha mkono mmoja kutoka kichwani, akaushika. Akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba ni mchezo tu, anaweza kuinuka. Cucu hakuinuka. Aliinua macho akanitazama mimi, akangoja. Na mimi, kwa hasira ya kuharibiwa wakati wangu, nikamwambia Shiku, "Mwache, anashiriki!" na nikageuka kumfuata mzee, aliyekuwa ameshaanza kuzungumzia visima.

Alikuja kuinuliwa na Mjomba Kamau, aliyekimbia kutoka majikoni na mikono myeusi kwa makaa, akimwita "Maitũ, Maitũ", mama yangu, mama yangu. Gauni lake lilibaki na alama za vidole kwenye kwapa zote mbili.

Hakula nyama. Kwenye basi alimwambia Mjomba kitu kwa Kikuyu, na Mjomba akageuka akaniambia kwamba tutapitia kwetu kuchukua mizigo ya Cucu. Wiki tatu zote zitakuwa za Sterling.

Ndipo nikasimama pale mlangoni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, Shiku akimchua magoti kwa dawa yangu, harufu kali imejaa chumba mpaka macho yananiwasha, na hilo likanipa kisingizio kizuri. Nilijikaza nikauliza, "Cucu, ni neno gani nililikosea?"

Hakukasirika. Alinijibu kwa upole ambao ningeubadilisha na kofi.

"Hakuna. Ulisema yote sawasawa."

Nililia usiku ule kama mtu aliyepata mia kwa mia na bado akafeli. Nikamaliza nikajieleza kwa maelezo niliyokuwa nayo tayari: ni jina. Angempenda Shiku hata angekuwa jiwe, mradi jiwe linaitwa Wanjiku. Niliishi na maelezo hayo miaka tisa, na yalinifaa.

Nilipofika ishirini nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa ukalimani wa mahakama, peke yangu kama kawaida, nikizunguka jikoni nikitamka amri za polisi kwa sauti. Kaa chini. Mikono kichwani. Usisogee. Mama alikuwa mezani akiongea na Cucu, simu ikiwa kwenye spika. Kisha Cucu, ambaye na Mama huzungumza Kikuyu siku zote, akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti nyembamba nisiyoijua, "Nani huyo?"

Mama alikimbia na simu bafuni. Aliporudi alifunga daftari langu, akaniambia machache aliyoyajua, aliyoyapata kwa shangazi yake na si kwa mama yake. Kwamba wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowafungia Wakikuyu kambini, Cucu alikuwa na miaka tisa, na alifungwa pamoja na mama yake kwenye kambi ya wanawake. Kwamba askari waliletwa kutoka kila pembe ya nchi, na amri zao zilikuwa za Kiswahili. Huko ndiko alikokijulia. Asubuhi na jioni walihesabiwa, watano watano, wamechuchumaa, mikono kichwani, na hakuna aliyeinuka mpaka aambiwe.

Mpaka aambiwe. Alinitazama, akangoja, nami nikaenda kusikiliza habari za visima.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilichukua lugha ya watu waliomhesabu, nikaisugua mwaka mzima mpaka ikang'aa, nikampa kama zawadi mlangoni. Na Shiku, ambaye hakujua kitu, alimpa mahali ambapo hakuna wa kumwamuru wala wa kumwuliza.

Juzi, nilipotoka dukani, nilimpigia Shiku. Anakaa College Park siku hizi, anasomea uhandisi, na bado hajui Kikuyu. Nilimwuliza Cucu alimwambia nini katika zile wiki tatu.

"Hakuna," akasema kwa Kiingereza chake. "Tulitazama mapishi. Ile siku ya kambi alinishika mkono mpaka Adelphi, alinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Sikuutoa tu."

Nimeelewa yote, na bado nisiwadanganye: nauonea wivu mkono ule.

Nimeanza Kikuyu. Mama ananifundisha akipata nafasi, na nakivunja vibaya. Kila Jumapili Cucu hunicheka kwenye simu mpaka akohoe. Jumapili iliyopita nilimwuliza habari za magoti. Alinijibu kwa maneno mengi, taratibu, sauti ikishuka kadiri alivyoendelea, na nilijua hazikuwa habari za magoti peke yake. Nilielewa nusu. Daftari lilikuwa mbele yangu, kalamu iko wazi. Sikuomba arudie. Niliishika simu, nikaibana, mpaka vidole vikafa ganzi.