Friji la Bi Ashatu

Nimekuwa jirani wa Bi Ashatu binti Kombo kwa miaka ishirini na mitatu hapa Nianjema, Bagamoyo, tukitenganishwa na ukuta wa matofali usiofika kiunoni, na katika miaka yote hiyo sikumwona akitupa kitu. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha usafi mpaka koo likanikauka, na ule ua wake ulinikera kila asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma.

Kanga ikichakaa mwilini ilikatwa nepi za wajukuu. Nepi zikilegea zilikuwa vitambaa vya kuipulia sufuria, na vikiungua vilifungwa kwenye mti vikawa dekio. Kandambili zilizokatika hazikwenda jalalani, alizikata nyayo akazipigilia misumari kwenye mlango wa banda la kuku zikawa bawaba, na mlango ule ulifunguka vizuri kuliko wangu uliotengenezwa na fundi. Wavu wa feni bovu ulianikiwa dagaa. Beseni likipasuka alichoma spoku ya baiskeli kwenye mkaa, akatoboa kandokando ya ufa, akashona kwa uzi wa nyavu, kisha akayeyushia juu yake kipande cha ndoo ya zamani. Nilimtania kwamba akifika peponi kitu cha kwanza ataulizia makopo matupu. Alicheka, akanijibu kwamba huko nako hakosi kuwapo mtu anayetupa ovyo kama Mwalimu Scola.

Hakuwa bahili, na hili nalisema kwa sababu kuna waliomwita hivyo. Sukari yangu ikiisha nilikuwa naichota kwake bila kuuliza. Ni kwamba alikulia Kiwangwa kwa mama mjane, nyumba yenye sufuria moja, na mkono uliozoea kushika kitu kimoja haujui kukiachia. Mimi nililijua hilo na bado ua wake ulinikera.

Kikubwa kuliko vyote uani pale kilikuwa friji. Mumewe, Mbaruku, alikuwa mpishi wa hoteli moja ya ufukweni, na hoteli ilipobadilisha vifaa akapewa lile kuukuu. Lilifanya kazi miaka miwili. Kisha siku moja umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na fundi akasema kompresa imekufa. Bi Ashatu alilisugua kwa majivu na ndimu, wakalibeba mpaka upenuni nyuma ya nyumba, likawa kabati. Humo alitia kanga zake, vikombe vya wageni, sukari na majani ya chai. Mlango wake ulikuwa na raba, ukifungwa haupitishi panya wala mchwa. Miaka ya nyuma mchwa walimwingilia ndani ya sanduku la mbao wakamla cheti cha ndoa na picha zote za mama yake, na tangu hapo hakuiamini tena mbao.

Jambo ambalo mimi sikulijua, wala Najma, binti yake wa pekee, hakulijua, ni kwamba chini ya droo ya mboga, kwenye mfuko mtupu wa unga uliokunjwa mara nne, alikuwa ameweka karatasi ya kiwanja. Mama yake alimwachia mikorosho Kiwangwa. Aliiuza, akanunua kiwanja hiki kwa mzee mmoja aitwaye Amedeus, karatasi ikaandikwa jina lake yeye Ashatu, ikapigwa muhuri wa serikali ya mtaa, na Mbaruku akatia saini kama shahidi wa mkewe. Nyumba waliijenga pamoja, lakini ardhi ilikuwa ya mwanamke. Mbaruku ndiye aliyemwomba asimwambie mtu, maana ndugu zake wangesema amewekwa kwapani na mke. Bi Ashatu akanyamaza miaka yote hiyo kwa ajili ya heshima ya mume.

Mbaruku alifariki mwaka jana baada ya masika. Presha ilimpanda akiwa jikoni kazini, na mpaka wanamfikisha hospitali alikuwa hasemi. Bi Ashatu akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya chumba cha mbele, kanga nyeupe, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, hatoki uani ila usiku kwenda chooni. Waislamu wa hapa wengine siku hizi wanalegeza, yeye hakulegeza hata kidogo. Najma, aliyeolewa Bunju, alikuwa akija kila mwisho wa wiki kumsaidia, na siku nyingine nilimpelekea uji mimi.

Siku ya arobaini alikuja Bilali, mdogo wa marehemu, mkulima wa Fukayosi. Alikaa sebuleni, akazungumza na shemeji yake kwa kupitia pazia. Alimwambia kwa adabu kabisa kwamba eda ikiisha itabidi wakae waizungumze nyumba ya kaka, maana marehemu hakuacha mtoto wa kiume, na sheria inajulikana: mke apate thumuni yake, binti nusu yake, inayobaki ni ya ndugu. Nilikuwepo. Bi Ashatu hakushtuka. Alisema tu, haya shemeji, tutakaa. Nilimwona mwanamke jasiri, kumbe alikuwa ameiegemea karatasi yake.

Siku nne kabla ya eda kuisha, Najma alikuwa akitayarisha hitima. Wageni wangetoka Dar es Salaam, Kiwangwa na Fukayosi, na ua ulikuwa umejaa ndoo za rangi, matairi, beseni zilizoshonwa na lile friji katikati ya upenu lilipotakiwa kuwekwa jiko la kupikia pilau. Binti wa watu akasimama pale mikono kiunoni machozi yakimlenga. Akaniuliza ng'ambo ya ukuta nifanyeje, mama mdogo. Huko barabarani kijana wa guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, alikuwa akipita na kipaza sauti chake, anunua vyuma chakavu, betri mbovu, friji bovu.

Mimi ndiye niliyesema. Sitafuti pa kujificha. Nilimwambia, "Uza, mwanangu. Mama yako akitoka atakuta ua mweupe, mwenyewe atashukuru."

Nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. Nilikuwa nimeingoja siku ile miaka ishirini. Najma alitoa kanga, vikombe na sukari, akavipanga ndani kwenye meza. Kijana na mwenzake wakalibeba friji, droo zikigongana ndani, nami nikiwaelekeza kwa sauti ileile, nikawafungulia geti langu kwa sababu la Bi Ashatu lilikuwa jembamba. Nilifagia mwenyewe mahali lilipokuwa limesimama. Nakumbuka nilifurahi.

Eda ilipoisha Bi Ashatu alikogeshwa, akavishwa kanga mpya, akasomewa dua. Akatoka uani kwa mara ya kwanza mchana, akifumba macho kwa mwanga, akisalimia wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu. Alifika upenuni akasimama. Aliuliza friji liko wapi, na Najma akamweleza kwa furaha, akidhani anampa habari njema, hata akanitaja kwamba nilisaidia. Bi Ashatu hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye sakafu na kanga yake mpya, akamnong'oneza bintiye sikioni, na nikaona uso wa Najma unabadilika. Wageni walidhani amemkumbuka mume, wakaanza kumbembeleza.

Kesho yake alfajiri mimi na Najma tulikwenda yadi ya vyuma iliyoko barabara ya Msata. Mwenye yadi alitupokea vizuri, hakuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba friji likifika linapasuliwa siku hiyohiyo, shaba huku, bati huku, na bati lilikwisha kwenda Dar es Salaam na lori la juzi. Najma akamuuliza vitu vya ndani, plastiki na droo. Akatuonyesha shimo nyuma ya banda, akasema hivyo havinunuliwi, vinachomwa. Najma alishuka ndani ya shimo lile na baibui lake, akachimbua majivu kwa mikono. Alipata vipande vya plastiki vilivyoyeyuka na kugandamana, misumari, na ncha ya mfuko wa unga ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Nilimwambia atoke, akakataa, nikashuka nikamtoa.

Tukaanza kutafuta pengine. Mzee Amedeus alikuwa amekufa zamani, na wanawe walihamia Mbeya, tulipowapigia simu wakasema hawajui baba yao aliuza nini kwa nani. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule naye alikuwa amezikwa. Ofisi ilihamishwa mara mbili, na karani wa sasa alitufungulia kabati lenye madaftari ya miaka ile, akalitoa moja, likammwagikia mikononi vumbi na udongo wa mchwa. Shahidi mwingine pekee aliyeandikwa kwenye karatasi ile alikuwa Mbaruku mwenyewe.

Bilali alipoelezwa alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hamwiti shemeji yake mwongo, lakini kaka yake hakuwahi kumdokezea neno, na yeye ana watoto sita na nyumba inayovuja huko Fukayosi. Siwezi kumlaani. Karatasi ingekuwepo angeipokea na kwenda zake, nina hakika. Haikuwepo, akafungua mirathi mahakama ya mwanzo.

Wiki zile sikulala vizuri. Nilikuwa naona njia moja tu, na niliichagua bila kumwambia Bi Ashatu. Mwanasheria wa bure wa pale mjini alituambia kwamba kama yupo mtu mzima, mwenye akili timamu, asiye ndugu, aliyeiona karatasi ile kwa macho yake, hakimu anaweza kumsikiliza. Nani angenibishia mimi, mwalimu, mwanakwaya, mama niliyefundisha nusu ya wafanyakazi wa mahakama ile kusoma? Nilimwambia Najma aniandike shahidi. Aliniangalia, akaelewa, akaniandika.

Siku ya kesi nilishika Biblia nikaapa. Nikasema niliiona, karatasi mbili, muhuri wa bluu, jina la Ashatu binti Kombo, saini ya marehemu chini. Hakimu aliandika. Akauliza aliniona nani nikiiona, nikasema mwenyewe Bi Ashatu ndiye aliyenionyesha, upenuni, mlango wa friji ukiwa wazi. Sauti yangu haikutetemeka, na Bilali aliinamisha kichwa, nikajua imemwingia. Kwa dakika ile moja nyumba ilikuwa imerudi.

Bi Ashatu akaomba ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa, huyu ni jirani yangu na ananipenda," alisema. "Karatasi ile hakuiona. Tuliiona mimi na marehemu, basi."

Watu walinung'unika kule nyuma. Najma alijifunika uso. Hakimu alifuta mstari kwenye daftari lake, akaniambia nirudi kukaa kabla hajabadili nia. Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye: nyumba ni mali ya marehemu, iuzwe, warithi wagawane. Fungu la mama na la binti yakiunganishwa hayatoshi kununua nyumba nyingine katika mtaa huu, kwa bei za siku hizi. Bi Ashatu angekwenda Bunju, kulala na wajukuu kwenye nyumba ya kupanga ya mkwewe.

Lakini mimi siku ile ya ushahidi ndiyo ninayoikumbuka. Tulitoka mahakamani tukasimama kando ya uzio kumsubiri Najma aliyekwenda kutafuta bajaji. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu ikatoka kwa hasira. Nilimwambia amejimaliza kwa mkono wake. Nilimwambia Mungu angenisamehe mimi, dhambi ilikuwa yangu, yeye alitakiwa kunyamaza tu, na kama hataki kusaidiwa basi aseme. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia hawezi kukaa ndani ya nyumba ambayo jirani yake ameiapia uongo, maana kila akiingia angeniona mimi mlangoni. Nikamwambia basi anilaumu, anitukane, maana anajua fika ni nani aliyemwambia Najma auze. Nilitaka anitukane. Ningeweza kulibeba hilo.

"Najua," alisema. "Nilikuwa dirishani siku ile. Nilisikia guta limesimama, nikasikia wanaume wanabeba kitu, moyo ukanipasuka. Nikataka kutoka, eda au si eda. Nikashika kitasa."

Nikamuuliza kwa nini hakutoka.

"Nikasikia sauti yako, Mwalimu. Nikasema, aa, kumbe Scola yupo. Nikarudi nikalala."

Najma akafika na bajaji. Bi Ashatu alipanda, akakusanya baibui lake, akanisogezea nafasi nikae.