Mmea Ambao Hata Mimi Nisingeweza Kuua

Binti yangu alipokuwa anaenda chuo Eldoret, aliniachia mmea wake wa sneki planti.

"Baba, hii hata wewe huwezi kuua," akaniambia. "Maji mara moja kwa mwezi. Basi."

Nilikasirika kidogo. Mimi nilizaliwa Molo, nimelima viazi tangu nijue kushika jembe, halafu leo nafundishwa kutunza majani manane yaliyosimama wima kwenye chungu cha plastiki kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Maji mara moja kwa mwezi! Niliona mtoto hajui kilimo. Nikaamua kuunywesha kila Jumapili tukitoka kanisani.

Mama yangu, ambaye anaishi nasi hapa Nakuru tangu magoti yaanze kumsumbua, aliutazama akasema huo ni mkonge, na mkonge hauwekwi sebuleni. Mke wangu aliusogeza tu karibu na dirisha.

Mwezi wa pili jani moja likawa manjano, likaegemea ukuta kama mlevi. Nikaongeza maji. La pili likafuata. Nikatia mbolea ya viazi iliyobaki stoo. Mawili yakaanguka siku moja, mimi mwenyewe nikiyatazama.

Shida ni kwamba binti yangu alikuwa akiomba picha. Mara ya kwanza nilimtumia upande wenye afya. Mara ya pili nilimwambia kamera ya simu imekufa, na papo hapo, bila kufikiri, nikamtumia picha ya ndama aliyezaliwa kwa shangazi yake.

Yalipobaki majani mawili, niliuficha mmea nyuma ya tangi la maji, nikaenda kwa muuza miche pale Free Area.

"Boss, nataka kama hii," nikamwonyesha picha ya zamani.

"Ya kijani tupu imeisha, mzee. Lakini hii ya mistari ya manjano ni ndugu yake. Hakuna mtu ataona."

Nikaubeba, nikaupiga picha, nikatuma. Simu ikalia kabla sijakaa.

"Baba, huyu ni nani?"

"Ni mmea wako. Umekomaa."

"Umekomaa ukaota mistari?"

"Hewa ya Nakuru hii…"

"Baba. Yangu iko wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliuliza tu huwa nautilia maji lini. Nikasema Jumapili. Mke wangu, aliyekuwa akikunja nguo, akainua kichwa.

"Jumapili? Mimi nami humwagilia kila Jumatano. Nilijua utasahau."

Tukatazamana. Mama akakohoa kwenye kiti chake.

"Mimi ni chai tu," alisema. "Ile inapoa kwa kikombe. Niliuonea huruma."

Kwenye simu binti yangu alicheka mpaka akakosa pumzi. Kisha akaniagiza niung'oe ule wa nyuma ya tangi. Mizizi ilikuwa laini, inanuka kama viazi vilivyooza gunia zima. Nikakata kila kilichooza, likabaki jani moja zima. Nikaliacha likauke siku kadhaa, nikalipanda kwenye udongo mkavu uliochanganywa na kokoto. Akatupiga marufuku sote watatu kuligusa. Nimefanya kazi nyingi ngumu maishani, lakini kupita karibu na mmea mkavu ukiwa na jagi mkononi, usiupe hata tone, si kazi ndogo. Mama alianza kumaliza chai yake yote kwa hasira.

Likizo ilipofika, binti yangu alilivuta jani taratibu. Likakataa kutoka. Lilikuwa limeshika mizizi.

"Umelifanyia nini?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Endelea hivyo hivyo."

Aliporudi chuoni aliondoka na ule wa mistari. Alisema bado una afya, heri atoke nao mapema.